Maji ya Nyuzi Sitini na Tatu na Nusu

Jumapili, tarehe 14 Septemba.
Leo ni miaka thelathini na minane, miezi minne na siku sita tangu niondoke nyumbani.

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji, binti yako fundi cherehani, na wote mnaokula sufuria moja. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti lako la kushoto limeacha visa. Mimi sijambo. Ninakula, ninalala, na ninasoma gazeti la jana kama kawaida yangu, kwa sababu la leo huwa mikononi mwa wenye haraka.

Barua yako ya mwezi wa sita niliipata, nikaisoma mara tatu kabla ya kuikunja. Umenieleza kwamba chumba cha uani kimekwisha kupigwa lipu, kwamba dirisha umelielekeza kwenye jua la asubuhi kama nilivyokuwa nikililia tulipokuwa watoto, na kwamba kitasa umekwenda kukichagua mwenyewe kwa kuwa humwamini seremala. Umenitania kwamba mwandiko wangu unazidi kupendeza kadiri ninavyozeeka, wakati wako umekuwa kama kuku kapita juu ya unga. Kuhusu meno, umesema yamebaki manne na hakuna mawili yanayosalimiana. Hapo nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu mwishoni ukaniuliza lile swali lako la kila mwaka: je, mkono bado unashika kijiko?

Ninajua kwa nini unauliza. Ulipomzika mama peke yako nami nikashindwa kufika, nilikuandikia kwamba siku mkono wangu utakaposhindwa kushika kijiko cha kazi, nitafunga mizigo nirudi tukae pamoja. Ahadi ile umeitunza kuliko mimi niliyeitoa. Umeijengea chumba. Nitakujibu, mdogo wangu, lakini nivumilie kwanza nikueleze habari ya yai, maana jibu limo humo.

Unafahamu kwamba kwa miaka ishirini na sita nimekuwa mpishi wa asubuhi katika nyumba hii ya kutunzia wazee. Jiko letu liko chini, lina madirisha mawili marefu, na meza ya bati iliyobonyea katikati kwa kugongewa nyama. Wazee ni arobaini na mmoja. Wengi hawana meno, baadhi hawana hamu, na kwa watu wa namna hiyo hakuna kinachoshinda kile tunachokiita hapa yai la maji: yai lililovunjwa na kupikwa ndani ya maji bila ganda lake, ute ukakifunika kiini kama shuka, kiini chenyewe kikabaki laini kama asali. Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yangu. Maji yawe kama yanataka kuchemka kisha yanasita, unatia siki kidogo, unakoroga mara moja yazunguke, unaliteremsha yai katikati kutoka kwenye kikombe, unahesabu mpaka mia na themanini. Niliweza kupika manne kwa pamoja huku nikibishana na mtu wa kuleta maziwa.

Miaka mitatu iliyopita mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Daktari alinipa jina la ugonjwa pamoja na vidonge. Jina nimelisahau, vidonge ninameza. Sikumwambia mtu. Kikombe kilipocheza mkononi, kiini kilipasuka kabla hakijafika majini, na mimi, badala ya kukiri, nililikusanya kila yai lililopasuka nikaligeuza la kuvuruga. Mwanzoni yalikuwa mawili matatu kwa siku. Ilipofika miezi minne, nusu ya ukumbi ilikuwa inakula mayai ya kuvuruga ambayo haikuyaagiza.

Nilidhani hakuna aliyeona. Lakini karibu na mlango wa jikoni hukaa mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu asiye na jino hata moja wala huruma hata chembe. Asubuhi moja aliinua sahani yake juu, akatangazia ukumbi mzima kwamba ana miaka tisa katika nyumba hii anaagiza yai lile lile, na kama mpishi ameamua kuyapiga mayai yake kabla ya kuyaleta mezani, angalau aelezwe yamefanya kosa gani. Watu walicheka. Nami nilicheka, nikarudi jikoni nikaushika mkono wangu kwa ule mwingine mpaka ukatulia.

Mpishi mkuu wetu ni mwanamke wa umri wa binti yangu, kama ningejaliwa binti. Mbele ya watu ananiita Baba, tukiwa wawili ananiita Mzee Mkorofi. Jumatatu iliyofuata aliweka boksi juu ya ile meza iliyobonyea. Ndani mlikuwa na kitu kama fimbo fupi ya chuma yenye kioo kidogo cha namba kichwani. Unaibana kwenye ukingo wa sufuria ya maji, unaiambia unataka joto la nyuzi ngapi, nayo inayapasha maji na kuyazungusha yenyewe, ikifika pale ulipoitajia haipandi wala haishuki, hata ukienda kuzurura. Wapishi wa hoteli kubwa huitumia kwa nyama na samaki: wanavivalisha mfuko wa plastiki, wanaufyonza hewa yote, wanaulaza majini kwa saa kadhaa. Yai halihitaji mfuko. Limezaliwa nao.

Mimi nilipoiona nilidhani nimeletewa mrithi wangu akiwa ndani ya boksi. Nilifungua aproni, nikaikunja mara nne, nikaiweka mezani, nikaanza kumshukuru kwa miaka yote aliyonivumilia. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaitazama aproni, akauliza kama naifua mwenyewe au napeleka kwa dobi, kwa sababu kesho ataniona nayo hapa kama kawaida. Akaniambia mashine ile haina akili, inajua kushika joto tu. Watu wenye mikono imara anao tele, alisema, shida yao ni kwamba hawajui wanachokitafuta. Mimi najua yai linavyotakiwa kuwa likifika mdomoni. Basi nikae hapo, nikoseekose mpaka nilipate, na nisimpotezee muda kwa hotuba.

Nikaivaa tena.

Siku ya kwanza nilifanya jambo la kuchekesha. Sikuiamini ile namba ya kwenye kioo. Nikakumbuka mama alivyokuwa akipima maji yako ya kuoga ulipokuwa mchanga, kwa kuchovya kiwiko, nami nikiwa nimesimama pembeni na taulo. Nikapandisha mkono wa shati, nikachovya kiwiko katika maji ya nyuzi sitini. Niliruka kama mbuzi. Mpishi mkuu alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, na hata leo nikimuudhi hunyanyua kiwiko tu.

Ikaanza kazi ya kutafuta. Mwalimu wa hesabu alisikia kuna namba zinachezewa jikoni, akajialika mwenyewe, akaja na daftari la mistari na kalamu mbili. Nyuzi sitini kwa nusu saa: nilivunja ganda, kikatoka kitu kilichonitazama kama jicho la mwenye mafua. Akaandika. Sitini na sita: ute mzuri, lakini kiini kizito kama unga uliokandwa. Akaandika, akaongeza kwamba hicho amekitafuna kwa fizi kwa dakika nne. Siku nyingine nilikosa subira, nikalitoa yai kabla ya wakati, akanikemea kama mwanafunzi wa darasa la tatu, kwamba tangu lini jibu likatolewa kabla hesabu haijakwisha. Siku ya tisa tulifika nyuzi sitini na tatu na nusu kwa dakika arobaini na tano. Nililivunja ganda, nikalipokea yai kwenye kijiko cha matundu ili ule ute mwepesi unaoning'inia kama nywele udondoke, nikalishusha katika maji yanayokaribia kuchemka kwa dakika moja tu ute ulioshika ukaze, nikampelekea. Alikula. Akafuta mdomo. Akaandika namba, akapiga mstari chini yake, akafunga daftari. Kwa mtu yule, mstari ule ni vigelegele.

Sikiliza sasa kilichonishangaza. Yai la namna ile, linapotoka gandani, limekwisha kujishika lenyewe. Mkono utetemeke usitetemeke, halijali. Tena kule kugonga ganda kwa vipigo vidogo vidogo, ambako vijana hukosea kwa kutumia nguvu, mkono wangu siku hizi unakufanya wenyewe bila kuamrishwa. Na mayai yote arobaini na moja huingia majini kwa wakati mmoja, yakatulia humo kama watu wazima wanaosubiri zamu yao. Mimi ninavuta kiti, ninakaa kando ya sufuria, ninasoma gazeti langu la jana. Kabla ya hapo sikuwa nimewahi kukaa kwenye kiti jikoni.

Sasa swali lako. Hapana, mdogo wangu. Mkono haushiki kijiko tena, kile cha kazi ya zamani nilichokutajia nilipokuahidi. Ni miaka miwili sasa. Ahadi yangu ilikwisha kutimiza wakati wake na mimi nikakaa kimya, huku wewe ukinunua saruji. Hilo la kwanza nililokuficha.

La pili ni huu mwandiko unaousifu. Si wangu. Barua zangu zote za miaka miwili hii zimeandikwa na mwalimu wa hesabu. Mimi nasema, yeye anaandika, hapa mezani, baada ya vyombo kuoshwa. Mkataba wetu ni kwamba namlisha, naye ananiandikia. Yeye hana meno, mimi sina mkono. Ukituunganisha unapata mtu mmoja aliyekamilika, mwenye maneno mengi mno. Leo alipofika pale nilipomwita mtu asiye na huruma hata chembe, aliinua kalamu, akanitazama juu ya miwani, kisha akaandika kama nilivyosema. Ni mtu mwaminifu.

Nilikuwa nikijiambia kwamba kinachonizuia ni safari, au umri, au vile vidonge. Sivyo. Siku tuliyokimbia nyumbani, wewe ukimwongoza shangazi kwa mkono nami nimebeba godoro lisilokuwa na maana yoyote, nilipoteza mahali pangu pa kusimama. Wewe na mama mlirudi mambo yalipotulia, mkapata penu tena. Mimi nilikuja kupata pangu hapa, mbele ya jiko, hatua mbili kutoka dirishani. Mkono uliponigeuka, nilitegemea kabisa nitaondolewa. Hakuna aliyeniondoa. Waliniletea fimbo inishikie joto la maji, wakaniambia niendelee. Nikija kwako nitakuwa mgeni anayelishwa na kufunikwa shuka, na utanilisha kwa upendo, najua, utagombana na kila mtu kwa ajili yangu. Lakini hapa, saa moja asubuhi, kuna watu arobaini na mmoja wanaosubiri nivunje ganda.

Nakushukuru kwa lipu, kwa kitasa, na hasa kwa dirisha. Hakuna mtu aliyewahi kunijengea kitu. Nimelala mara nyingi katika chumba kile bila kukiona, na jua lake nimelipata. Naomba sasa umpe binti yako chumba hicho. Umeniandikia kwamba anashona barazani na vumbi linaingia kwenye vitambaa. Mwanga wa asubuhi unamfaa fundi cherehani kuliko mzee anayesoma magazeti ya jana.

Pamoja na barua hii kuna kifurushi. Ni fimbo kama yangu, mpya. Ibane kwenye sufuria ile kubwa, itajie sitini na tatu na nusu, weka mayai, subiri robo tatu ya saa, umalizie kwa dakika moja kama nilivyoeleza. Umeme ukikatika njiani usitukane mtu. Funika sufuria kwa blanketi mpaka urudi, na ukichelewa kurudi, yachemshe hayo mayai kwa njia ya kawaida. Yai la namna hii halitahitaji jino hata moja kati ya yale manne. Nakuomba tu usipime maji kwa kiwiko.

Nisalimie shemeji, mwambie deni la ujanani la mchezo wa bao bado nalikumbuka na bado nakataa kwamba nilishindwa. Mbusu binti. Pita kwa mama, ung'oe majani, umwambie kwamba mwanawe wa kwanza analisha watu.

Nilipofika hapa nilimtamkia mwalimu sentensi ya mwisho. Ameweka kalamu chini. Anasema ameniandikia kila kitu kwa miaka miwili, hata uongo, lakini hiyo hataiandika. Dada yako aione kwa mkono wako, ananiambia, hata ikipinda. Basi kalamu ninayo mimi sasa.

Huu ndio mwandiko wangu, mdogo wangu.

Asante.

Kaka yako.

Sitarudi.