Mkwe Wako Alikula Nyuma ya Nyumba

Mama yangu,

Ni mimi, Mapendo wako. Nimeolewa! Natamani ningepaza sauti mpaka majirani zako wote huko waamke. Nimeolewa, Mama, na ninapendwa. Kila asubuhi, katika chumba chetu cha Nyamityobora hapa Mbarara, kitu cha kwanza ni kugeuka kumtazama kama bado yupo. Yupo. Anakoroma, lakini yupo.

Anaitwa Fabrice. Ni Mrundi, fundi wa kuchomelea milango na madirisha. Jina lake ulilisikia mara moja tu, ukiwa umeshalala kitandani, ukaniambia, "Umulete nimuone. Mutu wa kukuchukua, lazima nimuone." Sikuwahi. Ulituacha kabla. Siku ya harusi nilicheza mpaka viatu vikakatika, na tantine Faida, mdogo wako, alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Lakini ndani yangu swali lilikaa tu: Mama angemkubali?

Basi wiki iliyopita Fabrice aliazima pikapu ya bosi wake, akaniambia, "Sheri wangu, twende ziwani kwenu. Nataka nimusalimie mama." Nililia palepale, sufuria mkononi.

Na safari yenyewe, Mama! Mvua za mwezi wa kumi zimeanza, na migomba yote ya Isingiro imenawa uso. Redio ya pikapu imekufa, kwa hiyo Fabrice aliimba mwenyewe, vibaya kabisa, tangu Mbarara mpaka Kaberebere. Hapo tulinunua chapati za mayai, nikawa namlisha huku anaendesha. Kutoka hapo kwenda mbele ni matope matupu. Tuliteleza, nikapiga kelele, akacheka, tukateleza tena. Kisha tukapanda kilima cha mwisho na Ziwa Nakivale likawa pale chini, lote, limetulia. Alisimamisha gari katikati ya njia. "Kumbe kitu kizuri hivi ulikuwa unanificha?"

Tulishuka mpaka pale tulipokuwa tukifulia, mimi na wewe. Nilipotia miguu majini nikakusikia kabisa: "Kiboko hana rafiki, toka hapo!" Nikatoka mbio. Fabrice akadhani nimeona nyoka.

Tulilala kwa watu wa kanisa, na siku ya pili, tulipotoka kusali, tukaenda kwa Tantine. Siku hizi nyumba yetu anakaa yeye. Ameongeza baraza la mabati mbele, linalotazama kaburi lako, na pembeni amepanda maharage. Yule kuku wako mkorofi ana vifaranga, na bado anawadonoa wageni.

Tantine alipika ugali wa muhogo, sombe ya majani yake na tilapia, akatandika mkeka barazani, akasema leo tunakula pamoja nawe. Fabrice alipokea sahani yake kwa mikono miwili. Kisha akasimama, akazunguka nyuma ya nyumba.

Mama, niliogopa. Nilijiambia, chakula chetu kimemshinda. Au hataki kukaa karibu na kaburi lako. Nilimfuata. Nikamkuta amechuchumaa, ukuta mgongoni, manyunyu yanamdondokea kichwani, anakula sombe kama mtu aliyefunga wiki nzima.

"Unafanya nini huku?"

"Ninakula," akasema, akishangaa swali langu. "Mukwe hali mbele ya mama mukwe. Kwenu si ni vile vile?"

Ni vile vile. Nimekulia katika desturi hiyo, lakini nilifikiri heshima ile huisha mtu akishazikwa. Kwake haikuisha.

Tantine akachungulia dirishani, akaangua kicheko. "Wewe mukwe! Kuya barazani, utalowa! Mama mukwe yako analala, hataona kitu."

"Tantine," akamjibu, mdomo umejaa, "hata kama analala, ni mama mukwe."

Kicheko kikakatika. Tantine alijifuta macho kwa pembe ya kitenge, akasema polepole, "Huyu, dada yangu angemuchinjia mbuzi." Akaenda akamwongezea samaki, kipande kikubwa kuliko vyote, akampitishia dirishani.

Nilirudi barazani nikakaa mkabala nawe, nikala sahani yangu yote. Sina tena swali, Mama. Nilikula nikiwa nimeshiba furaha, sijui kama hilo linawezekana, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sasa pumzika, kipenzi changu. Kila mvua hizi zikianza tutakuja kwako, Mungu akipenda na mtoto mgongoni. Fabrice atachukua sahani yake na kuzunguka nyuma ya nyumba. Nami nakuahidi, nitamletea mwavuli.

Wako anayekupenda,
Mapendo