Pampu Imetulia, Mimi Bado Niko Kimbo

Jumamosi. Baridi ya mtaa huu wa Kimbo imeingia mpaka kwa mifupa, na jua limekataa kutoka. Niko orofa ya nne, nimekaa kama kuku aliyefunikwa na kikapu.

Njoroge, mtoto wangu, alinileta hapa kwake nilipoanguka na ndoo ya maji kule shambani kwangu Gatuanyaga. Alisema kwa mdomo wake mwenyewe: "Mami, pampu ya kisima ikitulia, nitakurudisha." Nikaamini. Mguu ulipona kitambo.

Kisima changu hakitaki haraka. Ukivuta kwa nguvu kinatoa matope. Kwa hivyo Nyambura, binti ya Njoroge aliyepewa jina langu, anayesomea mambo ya stima huko Thika, akatengeneza kifaa cha kuiambia pampu iende polepole. Lakini kifaa chenyewe kinajua maneno mawili tu: washa, zima, washa, zima, upesi kuliko jicho. Pampu inataka volti iliyotulia. Ikawa inashtuka-shtuka kama mbuzi aliyeona mbwa.

Shule sikwenda sana, lakini macho ninayo. Hapa mezani Nyambura aliweka risista, ya kubana stima, na kapasita katikati ya kifaa na waya wa pampu. Hiyo kapasita ni kama tangi: unamwaga kikombe kikombe juu, lakini mfereji wa chini unatoa maji bila kukatika. Alipoweka ndogo, namba kwa mita bado ilicheza.

"Weka kubwa, unambania nani?" nikamgombeza.

Akaweka kubwa. Namba ikatulia tuli, lakini ukiiambia ishuke, inawaza kwanza kama kamati ya harambee. Tukacheka mpaka chai ikamwagika. Akatafuta ya katikati.

Leo wamekwenda shambani kuijaribu. Mimi nikaachwa. Eti vumbi! Mimi, niliyekula vumbi hilo kabla Njoroge hajazaliwa.

Wamerudi jioni, viatu vyeupe kama vya mwashi. Nyambura hata hajafika mlangoni, anapiga kelele: "Cucu, nyanya yangu, imekubali! Maji safi, hata haishtuki!"

Nikainuka kutafuta sweta.

"Keti kwanza, Mami," Njoroge akasema. "Sasa tuangalie mambo ya choo. Kiko mbali na nyumba."

Choo! Choo nilichokichimbisha mimi, akakitumia mpaka akaota ndevu.

Nyambura akageuza-geuza bisibisi mkononi.

Kumbe kilichonizuia hapa haikuwa pampu. Haijawahi kuwa pampu.

Sasa niko dirishani nafikiri. Huyu Njoroge ananiambia utarudi, ngoja, utarudi, ngoja, na mimi nayameza maneno hayo yote kifuani mpaka nimetulia tuli, sishtuki tena. Hilo limeniudhi kuliko choo.

Leso zangu ziko kwa mkoba. Kesho ni Jumapili, na kanisa langu liko Gatuanyaga.

Nikiteremka hizo ngazi asubuhi, nani atanizuia? Mtoto niliyemfundisha kutembea?