Mbao Mbichi za Ukuta wa Nasimiyu

Mpendwa Baba Nasimiyu,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunaishia kuzozana, kisha unaniambia zamu yako imeanza huko Doha.

Unakumbuka yale mawe ya Kapsokwony uliyonipeleka kabla hujanioa? Uliniambia nivute kidogo kwa mikono, nisukume sana kwa miguu. Nilifika juu nikitetemeka, nawe ukacheka mpaka ukakaa chini. Nasimiyu amerithi wazimu huo. Ndiyo maana ulimwahidi ukuta wa mbao wa kupandia, kama mawe yale, ndani ya stoo ya mahindi. Ulipokaribia kusafiri ulileta mbao za saipras kutoka Misikhu. Nilizigusa, kiganja kikalowa. Nikakuambia ni mbichi. Ukasema ati zitakaukia hapo hapo ukutani, niache wasiwasi.

Zilikauka kweli, na zilipokauka zikapinda. Fundi Wafula alikuwa ameshapigilia plaiwudi juu yake. Misumari ikaanza kuachia kwa nyuma bila sisi kuona, na siku moja mtoto wako akashika kishikio, kipande kizima kikamfuata chini. Alipasuka mdomo. Nilipokupigia nikilia, swali lako la kwanza lilikuwa kama plaiwudi imevunjika.

Baadaye ukaanza kunitumia picha za fremu za chuma. Weka chuma, funga kwa ukuta, mambo yaishe. Nimekueleza mara ngapi kwamba stoo yetu ni ya matofali ya udongo? Chuma kizito namna hiyo, na mtoto ananing'inia juu yake, kitang'oa ukuta wenyewe. Ukasema napenda kubishana. Mimi ndiye ninayelala katika boma hili Kitale, si wewe.

Basi sikungoja tena. Kaka yangu kule Tongaren alikuwa amebomoa ghala kuukuu, nikaenda nikachagua mbao zake. Ni saipras ile ile, ila imekauka miaka mingi, imenyooka. Wafula ameunga fremu kwa bolti, na miguu yake mipana inasimama sakafuni bila kuegemea ukuta. Nilipanda mimi kwanza, na sketi yangu, na fremu haikutikisika.

Kilichoniuma ni Nasimiyu. Alisimama mbali, mikono nyuma. Mtoto aliyekuwa akipanda hata fremu za milango.

"Baba amesema hizi mbao ni sawa?" akaniuliza.

"Mama amesema ni sawa."

Kisha akavua viatu, akapanda.

Sijaacha kukupenda. Nimechoka tu kuendeshwa na mtu asiyeiona nyumba yake, na wakati mwingine nakukosa kwa hasira, sijui kama unaelewa. Ukipiga simu Jumapili, usianze na fremu. Nitampa mtoto simu kwanza.

Jitunze na hilo joto.

Mkeo,
Mama Nasimiyu