Risha ya Pembe Yenye Pengo

Wahran

Kwa kaka yangu Miloud,

Pokea salamu zangu, za Mama, na za majirani wote wa ngazi yetu ambao hawachoki kuniuliza habari zako. Natumai u mzima, kile kikohozi kimepoa, na baridi ya Marseille haijakushinda. Sisi hapa hatujambo. Mama goti linamsumbua akipanda ngazi, lakini ulimi wake mzima kabisa, alhamdulillahi. Jana kamgombeza muuza mkate wa karantika mpaka yule bwana akamwongezea kipande bila kupenda.

Diski ya nyimbo zetu imefika. Binamu Houari aliileta Ijumaa tukila kuskusi, na Mama akaacha kijiko chake akaichukua kabla hata hajamwitikia salamu. Alilibandua karatasi la nje kwa kucha, akatafuta jina langu, akalipata: Bakhta, gitaa la besi. Akalibusu. Tangu siku hiyo diski haijatoka kwenye mashine ya jikoni. Kila mgeni, hata aliyekuja kuazima chumvi, anakalishwa na kuambiwa asikilize, huyo anayenguruma chini ndiye mwanangu. Majirani wanapiga vigelegele, hongera Bakhta, hongera. Nami nacheka na kugawa chai.

Wajua kwa nini Mama ana furaha hiyo. Miaka yote nimepiga kwenye harusi za wanawake nyuma ya mwimbaji wetu Sheikha Mokhtaria, ambako simu zinakusanywa kwenye kikapu mlangoni, ili picha za bibi harusi na shangazi zake wakicheza vichwa wazi zisije zikazagaa mjini. Ni haki yao, sina neno. Lakini na mimi nimefungiwa humohumo pamoja nao. Kabla ya studio, wanaume walionisikia walikuwa wewe na marehemu Baba, basi, na hakuna mashine iliyowahi kunasa mkono wangu. Zile nyimbo nane tulizorekodi hapa kabla hujaondoka ndizo pekee ambazo zingevuka ule mlango. Nilikwambia hivyo kwenye ngazi za studio. Ukaniambia niache utoto, utazitunza kama mboni za macho yako.

Hebu nikukumbushe tulivyohangaika na risha, kidude kile cha kupigia nyuzi, maana naona ughaibuni kumekusahaulisha. Nilianza na ya plastiki, Sheikha akaniuliza mbele za watu kama napiga gitaa au nakata kucha. Nikajaribu sarafu ya dinari, ikazila nyuzi haraka kuliko nilivyoweza kununua nyingine. Nikakata ya sufu nzito, ile iliyoshindiliwa, Sheikha akatangaza kwamba leo Bakhta amekuja na mafua. Wanawake walicheka mpaka ngoma zikasimama! Ndipo Baba, Mungu amrehemu, akachukua kisu akakata kipande kwenye soli ya makubazi yake ya zamani, akasema kama ngozi hii imembeba yeye na tumbo lake miaka yote, haitashindwa na nyuzi nne. Na kweli haikushindwa. Ngozi huisikii ikigusa uzi, unasikia sauti yenyewe tu, nene, yenye joto. Kasoro yake ni jasho, ikilowa inalegea, na katikati ya harusi lazima niikaushe juu ya birika. Siku ya kwanza kuitumia, Sheikha hakusema kitu. Na Sheikha akinyamaza, ujue umesifiwa.

Za pembe nilizitengeneza baadaye, na wewe ulikuwepo. Ilikuwa pembe ya kondoo wa Idi ya mwisho ya Baba. Niliichemsha, nikaibana kati ya mbao, nikaikata na kuisugua, nyumba ikanuka hata Mama akaapa kunilaza nje na kondoo wangu. Zikatoka risha mbili. Nikakwambia uchague moja ya kwenda nayo Marseille na gitaa lako, ukachukua ile yenye weusi mzuri, ingawa nilikuonya kwamba pembe ilichanika kidogo, ncha ina pengo, na ukishuka kwa nguvu inakwaruza mara mbili, tk-tk. Ukasema heri iwe na kasoro, hiyo ndiyo itakayokufanya unikumbuke. Nililia siku ile, mjinga mimi.

Studio nilitaka kupiga kwa ile ya pembe iliyobaki kwangu. Wewe ndiye uliyekataa. Ulisema pembe ina makucha, itakwaruza sauti ya mwimbaji, nitumie ngozi. Nikakutii, wewe ndiye mkubwa wangu. Nyimbo zote nikazipiga kwa soli ya makubazi ya Baba.

Sasa nisikilize, kaka. Juzi Mama alipokwenda hamamu nilifunga mlango wa jikoni, nikavaa visikilizio, nikaisikiliza diski peke yangu mwanzo hadi mwisho. Ile si ngozi. Ni pembe, tena pembe yenye pengo, tk-tk, tk-tk, kila unaposhuka kwa nguvu. Na katika wimbo wa tatu, pale ninaponyamaza ili makofi ya wanawake yapate pa kukaa, wewe umepajaza. Huna subira, Miloud, hukuwa nayo tangu utotoni. Umenifuta ukapiga mwenyewe, kwa zawadi niliyokutengenezea kwa mikono hii, kisha ukaniachia jina kwenye karatasi nifurahi nalo.

Labda hao wa huko walisema besi imelala. Labda waliitaka kali zaidi. Sawa! Simu huna? Ningerudi studio ileile kesho yake, nikapiga kwa pembe, kwa plastiki, hata kwa meno. Wala sisemi umepiga vibaya, hukupiga vibaya sana. Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa na nafasi moja tu, na wewe ulijua hivyo kuliko mtu yeyote duniani.

Umemwahidi Mama kuja Idi. Usininunulie manukato. Niletee zile nyimbo nane kama nilivyozipiga. Na kama umezitupa, basi utakaa na Mama hapa jikoni, uizime mashine kwa mkono wako, umwambie wewe. Mimi nimejaribu, kinywa kimekataa.

Houari anakusalimu, na goti la Mama linaomba ile dawa ya kuchua ya kopo la bluu. Sheikha Mokhtaria naye anakusalimu. Alipoisikia diski hakupiga vigelegele na wenzake. Aliniuliza tu, polepole, tangu lini nimeacha kungojea makofi. Nilijifanya sikumsikia.

Hivi ninavyoandika, Mama yuko upande wa pili wa meza anachambua dengu, diski inaimba, na kidole chake kinaifuata besi kwenye ukingo wa sinia. Amenituma nikuandikie kwamba gitaa lako ni zuri, mwanangu, usivunjike moyo, lakini aliyeubeba wimbo ni dada yako.

Ni mimi,
Bakhta