Bega la Ngari Limetoka kwa Nyuma

Nyumbani, Kitale
Jumatano, 22 Oktoba 2025

Mpendwa kaka Wanyoike,

Nakusalimu wewe, Mukami na watoto. Natumaini joto la Lodwar halijawazidi, na kwamba kifua cha mdogo kimepona. Mimi ni mzima, na mama pia ana afya. Mahindi tumeanza kuyavuna, ingawa mvua bado inatusumbua.

Asiye mzima ni ndugu yetu Ngari. Mama alikwambia ameumia kidogo. Si kidogo, kaka. Naandika kwa sababu nyumba hii unaijua, nikipiga simu kila neno linasikika hadi jikoni. Rafiki yangu Mary Ann anarudi Lodwar kesho, atakukabidhi barua hii mkononi.

Mwanzoni mwa mwezi Ngari alishika swichi ya kinu cha unga akiwa na mikono yenye maji, stima ikamkamata. Hakuanguka, lakini walipoizima alikuwa analia na bega la kulia. Kliniki walimpiga picha ya eksirei kwa mbele, wakasema mfupa uko sawa, ni misuli tu. Tangu hapo mama humkanda kila asubuhi kwa maji moto na mafuta, naye Ngari huuma kitambaa asipige kelele.

Katika shajara nimekuwa nikiandika anachoweza na asichoweza. Maumivu yalipungua, ila mkono ulibaki umebanwa tumboni. Hawezi kuugeuza nje. Mteja akimpa kopo la gorogoro la mahindi, kiganja hakigeuki juu kulipokea. Wanamtania, "Ngari bana, unaficha nini hapo, ati ni mimba?" Anacheka, kisha anaingia ndani na kufunga mlango.

Jumatatu nilimpeleka hospitali bila kumwambia mama. Daktari Jelagat alipoona mkono haugeuki aliagiza picha ya ubavuni, akatuonyesha.

Kichwa cha mfupa wa mkono ni cha mviringo, na kinakaa kwenye kijishimo cha kombe la bega kisicho na kina, kama limau juu ya kisahani. Ndiyo maana mkono huzunguka kila upande, na ndiyo maana bega huteguka upesi. Kinachokishikilia ni kano na misuli midogo minne. Wabeba magunia huzichana kano hizo. Wanaoanguka na bodaboda huvunja mfupa wa mtulinga, au mfupa huwatoka kwa mbele. Lakini stima hukaza misuli yote kwa mara moja, na ile inayougeuza mkono ndani ina nguvu kuliko ile ya nje. Hiyo ndiyo iliyousukuma mfupa wa Ngari nyuma, mahali ambapo picha ya mbele inaweza isiuonyeshe.

Sasa kile kichwa kimebonyea na kukwama kwenye ukingo wa kijishimo. Kikivutwa kwa nguvu kinaweza kupasuka na kukosa damu, na mshipa wa fahamu ulio karibu nacho ukaumia. Ni lazima apasuliwe. Wamempa kitanda Jumatatu ijayo.

Tuliporudi nilimweleza mama, naye amekataa. "Ati bega litoke nyuma? Bega hutoka mbele. Huyo daktari msichana alisomea wapi?" Mimi na wewe tunajua anamfikiria baba, alivyoingia kupasuliwa akiongea na kutoka amefunikwa shuka. Amemwita mvuta mifupa wa Chwele aje Jumamosi. Huyo huweka kisigino kwapani mwa mgonjwa, akauvuta mkono.

Ngari ni mtu mzima, angeweza kukataa. Nilipomwambia hivyo alinijibu, "Nikimkatalia mama halafu nisiamke huko, nani ataishi naye? Si ni wewe?"

Jana nilichukua vidole vya mama nikaviweka kwenye mabega yote mawili ya Ngari. Lile bovu ni bapa mbele, na nyuma kuna kitu kigumu kama ngumi. Aliviondoa haraka akaenda kulisha kuku. Amejua, kaka. Kinachomshinda ni kukubali kwamba siku zote hizi amekuwa akikanda mfupa uliotoka.

Kwa hiyo nakuomba umpigie kabla ya Jumamosi. Wewe ni kifungua mimba wake, anakusikia. Usimtajie picha, wala usimwambie amekosea. Mwambie kwamba daktari alisema baada ya upasuaji mkono utafungwa wiki kadhaa, kisha lazima mtu amsaidie kuunyoosha taratibu kila siku, kwa miezi, bila haraka na bila kuchoka, la sivyo bega litaganda. Mwambie hatuna mwingine wa kazi hiyo ila yeye.

Usipopiga, Jumamosi nitasimama mlangoni mwenyewe. Sijui kama nitaweza kumzuia mama yangu.

Msalimie sana Mukami na watoto, na jirani yenu mzee Kiptanui. Mungu awafunike nyote, na akupe maneno ambayo mama ataweza kuyapokea.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukutegemea,

Mwihaki