Bunduki Iliyotupa Maganda Kushoto

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Doha, Qatar
Jumapili, tarehe 24 Novemba 2013

Jina: Dominiko Oloo. Umri: miaka 44. Uraia: Mkenya. Kazi: dereva wa nyumbani. Makazi: chumba cha dereva, nyumba ya Bwana Jassim, Muaither. Elimu: darasa la sita (shahidi ameomba iandikwe pia kwamba anasema lugha tano). Shahidi amezungumza Kiswahili. Mkalimani ni Bi Latifa wa Zanzibar, ambaye ameandika kwa Kiswahili kwanza, kisha atafasiri kwa Kiarabu.

Mimi ni huyo aliyeandikwa hapo juu, na kabla sijasema lolote, afande ajue kwamba anaongea na mtu mwenye bahati kuliko Mwafrika yeyote aliyewahi kukanyaga Doha. Nimeendesha lori Mombasa mpaka Juba, likapinduka, nikatoka na mikwaruzo tu. Nikiishi Dubai, nyumba niliyokuwa nalala iliungua wakati nimetoka kununua sigara. Ijumaa iliyopita bunduki imelia mbele ya uso wangu, na leo niko hapa nakunywa chai ya serikali. Bahati nimezaliwa nayo. Iandikwe hivyo hivyo.

Dada Latifa ananiambia, "Kaka Dominiko, afande ameuliza habari za Ijumaa. Juba hajauliza."

Sawa. Najua kwa nini nimeitwa. Mwenzangu Hamisi, Mtanzania wa Tanga, mfanyakazi wa shamba la Bwana Jassim kule Umm Salal, yuko ndani tangu Ijumaa. Inasemekana alimrukia mwajiri wake kwa nyuma, akamvunja mkono na kusababisha bunduki ilie. Mimi ndiye niliyekuwa karibu zaidi. Hilo ni kweli.

Nimeulizwa nilikuwa nimesimama wapi hasa. Nitafika hapo. Lazima nianze na bunduki, maana bila bunduki afande hatanielewa.

Bwana Jassim, ambaye sisi wa nyumbani tunamwita Baba, hupiga visahani vya udongo kila Ijumaa shambani kwake. Mashine inarusha kisahani hewani, yeye anakipasua. Zamani alitumia bunduki ya mitutu miwili. Mwaka jana alifanyiwa upasuaji wa bega, na ile ya mitutu miwili ikawa inampiga teke kama punda. Daktari akamwambia aache mchezo. Badala ya kuacha mchezo, akabadilisha bunduki.

Mwezi wa tatu mwaka huu nilimpeleka dukani kununua shotigani ile inayojijaza yenyewe. Moshi wa baruti unasukuma pistoni, pistoni inarudisha chuma nyuma, ganda linaruka nje, risasi nyingine inaingia. Teke lote linaishia njiani, bega halisikii kitu. Muuzaji alitoa moja yenye nakshi za ndege ubavuni, kitako cha mbao nyekundu, kitu cha kuweka sebuleni. Mimi niko nyuma nimebeba simu ya Baba. Nikasema, "Baba, wewe unashika kwa kushoto. Hii inatupa maganda kulia. Yatakupita puani." Muuzaji akanitazama kama kiti kimeongea. Baba akaiweka begani, akaona kweli. Wakaleta nyingine, ya watu wa kushoto, haina urembo, kitako cheusi, na yenyewe inatupa maganda kushoto. Baba akailenga mara kadhaa, wakamfupishia kitako kidogo ili jicho likae sawa na mtutu. Akainunua. Kwa hiyo bunduki ile mimi ndiye niliyeichagua, na nimejisifu kwa jambo hilo mpaka kuku wa shamba wanalijua.

Nimeeleza hayo yote kwa sababu ya neno kushoto. Shambani kuna mbuzi, na mbuzi wanakula maganda ya plastiki. Baba hataki. Kwa hiyo kazi yangu Ijumaa ni kuyaokota yakianguka, na yanaanguka kushoto.

Nimeulizwa kwa mara ya pili nilisimama wapi. Kushoto, afande. Nitafika kwa hatua zake. Naomba maji.

Kuhusu usafi wa bunduki, mimi ndiye ninayeifanyia. Funguo za kabati la chuma anazo Baba, ananifungulia, nasafishia hapo hapo. Alinifundisha mwenyewe: fungua mbele, toa pistoni, sugua masizi, pitisha kitambaa ndani ya mtutu, mafuta tone moja pale chuma kinapoteleza, halafu futa mpaka kidole kitoke kikavu. Alisema nchi hii ni ya vumbi, mafuta yanakaribisha mchanga.

Mimi ni mtu wa injini. Injini kavu ni maiti. Alhamisi jioni Baba alinifungulia kabati, simu ikalia, akatoka. Nikaitia mafuta ya kutosha kila mahali. Iling'aa kama nywele za bibi harusi. Aliporudi akasema, "Mashallah, Dominiko, inapendeza." Nikamwambia hakuna fundi Doha nzima wa kunifikia. Sikumwambia habari ya mafuta.

Mnamo tarehe 22 Novemba 2013, siku ya Ijumaa, baada ya sala ya Alasiri, tulikuwa shambani Umm Salal. Kulikuwa na upepo na mchanga unaotembea chini chini, ule unaouhisi kwenye vifundo vya miguu. Bwana Fahad, ndugu yake Baba, alikuwa hemani na wageni wawili, nyuma yetu, wanakunywa kahawa. Baba alisimama mahali pa kupigia akiangalia jangwani. Hamisi alikuwa nyuma yake upande wa kulia na kitufe cha mashine mkononi. Mimi kushoto na gunia langu, hatua kama tatu hivi.

Pale kuna sheria mbili, na Hamisi huzitangaza kila Ijumaa mpaka wageni wanamcheka. Ya kwanza, bunduki isiyolenga kisahani ikae wazi, chuma kimerudi nyuma, kila mtu aone tumbo tupu. Ya mitutu miwili ukishaikunja katikati hata mtoto anajua haina kitu, lakini hii inayojijaza yenyewe ikifungwa huwezi kujua ina nini. Ya pili, ikigoma, usigeuke nayo. Mtutu ubaki kuangalia jangwani.

Siku hiyo alipomaliza kutangaza nikamwambia, "Hamisi, wewe ungekuwa muadhini, sauti hiyo inapotea bure."

Akasema, "Na wewe ungekuwa kengele ya kanisa, Dominiko. Mdomo mkubwa, ndani kuna ulimi mmoja tu."

Baba alicheka. Hiyo ndiyo hali tuliyokuwa nayo. Hakukuwa na ugomvi kati ya Hamisi na Baba siku hiyo wala siku nyingine yoyote.

Baba alipiga visahani vingi vizuri. Halafu Hamisi akarusha kingine, Baba akavuta triga, haikulia. Nilichungulia nikaona chuma hakijafunga vizuri, kimekwama karibu na mwisho. Nilijua pale pale ni nini. Mafuta yangu na mchanga vimefanya uji.

Baba alisema, "Dominiko, umeifanya nini bunduki yangu?"

Nimeulizwa alisema hivyo akiwa ameangalia wapi.

Nasikia mtu anakohoa huko nyuma ya ukuta. Kikohozi hicho nakijua, ni cha Hamisi, amelala kwenye baridi ya kiyoyozi bila shuka. Dada Latifa anasema hawezi kuandika mambo ya kikohozi. Namwomba aandike.

Kabla ya kujibu, nataka niseme ya jana. Jumamosi mchana Bwana Fahad alikuja Muaither, akaniita nikae naye kwenye gari lake. Kiyoyozi kilikuwa kimewashwa na mimi nilikuwa natokwa na jasho.

Akaniuliza, "Likizo yako ni Desemba?"

Nikasema, "Ndiyo, bwana. Miaka miwili sijamwona mke wangu Jennifer."

"Karatasi ya kutoka nchini, Jassim ataisaini kwa mkono upi?"

Nikafuta jasho.

"Usijali, nitaishughulikia mimi. Kesho watakuuliza. Wewe ulikuwa umeinama unaokota maganda. Hukuona, ulisikia mlio tu. Risasi ilienda juu. Wewe ni mtu wa bahati, si ndiyo?"

Nikasema ndiyo.

Simlaumu sana. Alitoka hemani mbio akakuta ndugu yake chini na Hamisi juu yake. Mtu akiona hivyo ataamini nini? Baba naye yuko hospitali, anachokumbuka ni kupigwa kwa nyuma. Baba si mwongo. Ni yeye aliyenilipia jino langu la dhahabu mpaka leo linang'aa hapa. Hakuona alichokuwa amekielekezea mtutu, kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye kile chuma kilichokwama.

Leo asubuhi Mwajuma, mpishi wetu, ambaye kwao ni mtaa mmoja na kina Hamisi, aliniwekea chai, akanitazama.

"Shemeji, kofia yako iko wapi? Ile unayolala nayo."

Nikasema imechukuliwa na upepo.

Akasema, "Upepo huo umechagua." Kisha akasema, "Kama una neno, kalipeleke. Kama huna, kunywa chai yako usiniangalie hivyo."

Sikuimaliza ile chai.

Nimeulizwa tena Baba alikuwa ameangalia wapi, na afande ameweka kalamu chini. Najibu sasa.

Baba aliposema maneno yale alikuwa ananiangalia mimi. Aligeuka kushoto, upande wangu, na bunduki ikageuka naye. Kwa kiganja alikuwa anakipiga kile chuma ili kifunge, na kidole cha mkono mwingine kilikuwa bado ndani, kwenye triga. Mtutu ulikuja taratibu ukapita gunia, ukapita kifua, ukasimama hapa. Nimemwonyesha afande mahali penyewe, ni kati ya nyusi. Nikasikia chuma kimefunga.

Nina lugha tano, hata moja haikuja. Miguu haikusogea. Baba hakukusudia. Alikuwa anauliza swali tu, kama unavyomwelekezea mtu kalamu.

Hamisi alitupa kitufe. Alikuja kwa nyuma kwa sababu ndiko alikokuwa, njia nyingine haikuwepo. Alipitisha mkono chini ya mtutu akausukuma juu, bega lake likampiga Baba mgongoni, wakaanguka wote wawili, na bunduki ikalia wakati wanaanguka. Baba aliangukia mkono wake. Hapo ndipo ulipovunjika. Hakupigwa hata kofi.

Nilikuwa sisikii vizuri, masikio yanalia. Nilimwona Hamisi midomo inatembea. Sauti iliporudi alikuwa anasema, "Baba, nisamehe. Dominiko, uko mzima? Dominiko." Halafu Bwana Fahad akafika na wale wageni, wakamvuta shingoni. Hata akivutwa bado ananiuliza mimi kama ni mzima.

Nilimjibu kwa kichwa tu. Niliokota kofia yangu mchangani nikaiingiza ndani ya shati kabla mtu hajaiona. Siku zote hizi imekuwa chini ya kiti cha gari, na leo nimekuja nayo, iko hapa tumboni.

Naiweka mezani. Afande aiangalie pale juu. Risasi iliyokwenda mbinguni haichani kofia ya dereva.

Nimeulizwa kwa nini sikuileta Ijumaa. Niliogopa. Mafuta ni yangu, kugoma kwa bunduki ni kwangu, na karatasi yangu ya Desemba haijasainiwa. Sasa labda nitapandishwa ndege bila hata kusubiri Desemba. Lakini Hamisi asiulizwe swali ambalo jibu lake ninalo mimi.

Niliyoyaona ni hayo, na nimeyasema kwa mdomo wangu bila kusukumwa na mtu, isipokuwa Mwajuma kidogo.

Sahihi: Dominiko Oloo

Maandishi ya ofisa: Maelezo yamechukuliwa na kusomwa kwa sauti na mkalimani, shahidi amekubali kuwa ni sahihi. Kielelezo kilichopokelewa: kofia moja ya kitambaa, rangi ya kijani, imechanika utosini na kingo zimeungua. Mtuhumiwa Hamisi ataletwa leo kuhojiwa upya, na shahidi atakwenda na askari shambani kuonyesha mahali alipokuwa amesimama. Shahidi ameomba sentensi zake za mwanzo zifutwe. Ameelezwa kwamba maelezo hayafutwi, ila anaweza kuongeza chini kwa mkono wake.

Nyongeza ya shahidi, kwa mkono wake:

Mimi Dominiko Oloo naongeza. Kule mwanzo nilisema mimi ni mtu wa bahati. Ni uongo. Kule Juba nilivutwa nje ya lori na Njenga, tanboi niliyesafiri naye, na sijawahi kumtaja popote. Dubai sijawahi kuishi. Ijumaa ni Hamisi. Bahati sina.