Uzito wa Alve

Göteborg, 9 Machi

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini nyonga inakuacha ulale, na kwamba kahawa ya hapo nyumba ya wazee bado ni maji matupu, maana ukiacha kuilalamikia nitajua unaumwa kweli. Mimi mzima. Ng'ombe nimemwachia jirani. Nakuandikia kutoka jiko la wazazi hapa hospitali, nimezungukwa na kina baba wasiojua kuosha kikombe.

Habari kubwa kwanza: kitukuu wako Alve ameongezeka! Jana mizani ilisoma gramu elfu moja na mia mbili sitini. Joakim, mwanangu uliyekuwa ukimwita gogo, alilia mbele ya wauguzi bila aibu. Anashinda kifua wazi, mtoto kamlaza juu yake, na hata chooni haendi mpaka mtu ampokee.

Lakini nilikuficha kwamba kabla ya hapo tulipata wiki tatu mbaya. Alve alizaliwa wiki ya ishirini na sita ya mimba, akaanza vizuri, kisha utumbo ukashikwa na maambukizi. Dawa zilimwokoa, ila uzito ukaganda palepale. Maziwa ya mama yake yaliingia kwa mrija kila saa mbili, na hatukuona yanakokwenda.

Unanijua. Nimelisha ndama miaka arobaini, mdomo haukufungika. Niliinua chupa ya maziwa ya mkwe wangu Tuva dirishani, nikamwambia mbele ya watu kwamba maziwa yake mepesi, ale siagi. Kesho yake nilimkuta akiyamimina kwenye sinki. Alisema hatakamua tena, mtoto apewe ya kina mama wengine, yake hayafai.

Daktari Hedvig ndiye aliyenikalisha chini. Alisema chakula kinatosha. Kuna kitu kwenye damu kinachouamuru mwili ukue, wao wanakiita kichocheo cha ukuaji, na mwili wa kichanga kama huyu ukiwa unawaka ndani kwa ugonjwa, kichocheo hicho kinashuka. Maziwa yanaingia, amri ya kukua haitoki. Kisha akaniuliza, kwa adabu kabisa, ndama wangu akivimba kitovu na kugoma kunenepa, huwa namlaumu ng'ombe? Mama, niliona haya mpaka masikioni. Ndama wa namna hiyo namtazama kitovu kwanza, miaka yote.

Nilimwendea Tuva na sahani ya mikate ya iliki, nikamwomba radhi. Akaniambia, “Solveig, ukiinua tena chupa yangu dirishani, nitakukamua wewe.” Tulicheka hadi muuguzi akatunyamazisha. Amerudi kukamua, ule moto wa ndani umepoa, na Alve anakua. Sina wasiwasi naye tena.

Sasa mwambie huyo binti anayekusomea akupe miwani. Hapa soma mwenyewe.

Maneno niliyomwambia Tuva hayakuwa yangu. Ni ya Bibi Tekla, aliyokutolea wewe jikoni kwetu mwaka 1968, mdogo wangu Rune alipozaliwa kabla ya siku zake na kukonda. Nilikuwa na miaka sita, nilisikia yote. Wewe ulisema kitovu chake chekundu na kina moto. Hakuna aliyekusikiliza. Tulipomzika, nilimwamini Bibi. Nimemwamini mpaka mwezi huu. Joakim alipozaliwa nilikukataza usimlishe hata mara moja, nikasema mkunga ndiye aliyeagiza. Mkunga hakusema neno. Nilikuwa nakuogopa wewe.

Nilimsimulia Hedvig habari za Rune. Alisema hawezi kumpima mtoto ambaye hakumwona, lakini kwa kitovu kama kile asingeanza na maziwa. Angeanza kwa kumsikiliza mama.

Nisamehe, mama. Alve akiruhusiwa tutakuja kwako moja kwa moja, kabla ya kufika nyumbani. Tuva amekubali, na Joakim pia. Utamlisha wewe, na mimi nitakuwekea mto mgongoni.

Joakim na Tuva wanakusalimu sana. Wasalimie wenzako wote hapo, hata yule mzee mwizi wa karata. Ujifunike vizuri, baridi haijaisha.

Ni mimi binti yako,
Solveig